Tanuri Nililolibomoa Kamsamba

Mwanangu, siku niliyobomoa tanuri likiwa bado linaungua naikumbuka kuliko siku niliyooa, na mama yako asisikie.

Nilikuwa kijana wa Itaka, fundi wa matofali, tena mwenye majivuno. Watu wa Kamsamba waliniita niwachomee matofali ya nyumba ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe, mama mmoja mpole, alikuwa akilala kwenye stoo ya mpunga, na alishasema wazi kwamba mvua zikianza kabla hajapata nyumba, ataomba uhamisho. Shule nzima ilimtegemea yeye peke yake. Hata sisi watu wazima tusiojua kusoma, mimi mgeni nikiwemo, alituahidi darasa la jioni.

Nikauliza magogo yako wapi. Hakuna, miti ya karibu ilishakatwa yote. Ndipo Bibi Namwinga, mjane aliyezoea kupikia pumba za mpunga jikoni kwake, akanionyesha vilima vya pumba nyuma ya mashine za kukoboa. Enzi zile kila mwenye mtaji alifungua mashine yake, na pumba walizimwaga tu.

"Chomea hizo," akasema.

Nikacheka. Fundi mzima nichomee pumba! Lakini sikuwa na njia nyingine, nikafuata maelekezo yake. Tukapanga matofali, tukajaza pumba katikati na juu, tukakandika udongo nje, tukawasha.

Siku ya tatu sikuona moto wala moshi wa maana. Nikaamini limezimika. Bila kumuuliza mtu nikachukua jembe, nikabomoa upande mmoja. Kumbe ndani palikuwa pekundu! Upepo ukaingia, matofali yakaanza kupasuka, ta, ta, ta, mbele ya macho yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi Namwinga alikuja, wala hakufoka.

"Nani kakwambia limezimika?"

"Sikuona moshi, bibi."

Akachota maji kiganjani, akayarusha kwenye udongo wa upande uliobaki. Yakachemka palepale.

"Ungeliuliza hivi, mjukuu wangu. Haya, fyatua mengine. Mwalimu bado yupo."

Nikafyatua upya, huku mawingu yakijikusanya upande wa Ziwa Rukwa, nikayakausha, nikapanga tena na kuwasha. Safari hii nilinyunyiza maji asubuhi na jioni, nikajizuia, mpaka siku yalipotulia juu ya udongo bila kuchemka. Tulipofungua niligonganisha matofali mawili, yakalia kama sufuria. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikalia bila aibu. Yale yaliyopasuka bibi alikataa yatupwe, tukayashindilia sakafuni. Mvua ya kwanza ilimkuta mwalimu ndani ya nyumba yake, anachemsha chai.

Basi nakuusia, mwanangu. Kitu kinachotupwa usikidharau kabla hujamuuliza anayekitumia. Na kazi uliyoianza usiibomoe kwa kuwa tu huoni moshi, ipime kwanza. Mungu akujalie mikono yenye kazi na moyo wa kungoja, na kila nyumba utakayoijenga, atakayelala humo aamke salama.

Maneno haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu hakuhama.