Kayamba Liko Wapi?

Kivuti wa kijiji cha Kanja alikuwa amewasagia watu mahindi kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini ukimuuliza yeye ni nani, angekujibu kwamba ni mwimbaji wa besi. Kinu kilimlisha, kwaya ndiyo iliyomfanya atembee kifua mbele. Alipoanza kuimba kanisani, waliokaa viti vya mbele walisema sauti yake waliihisi kwenye mbao kabla ya kuisikia.

Mwaka ule kwaya yao ilikuwa inajiandaa kwa tamasha la Nkubu, na ni katika mazoezi hayo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kila walipofika ubeti wa pili, Kivuti alikuwa anainua mkono na kukatiza wimbo.

"Soprano mnachelewa!"

Soprano waliongozwa na mke wake, Beth. Mara ya kwanza Beth alicheka. Mara ya pili akanyamaza. Mara ya tatu Kivuti akamwambia mbele ya kwaya nzima, "Unaimba vile unaongea nyumbani. Unamung'unya tu."

Hilo la nyumbani ndilo lililouma. Kwa miaka miwili hivi hawakuwa wamekaa vizuri. Beth angesema jambo, Kivuti angeuliza umesema nini, Beth angerudia, naye Kivuti angekasirika kwamba mwanamke huyu anamnong'onezea makusudi kama anayemsema. Siku hizi hata alipoingia jikoni na kumkuta Beth na jirani, aliamini wameshusha sauti kwa sababu yake. Hakumwambia mtu jambo hilo, lakini lilimkaa rohoni kama mchanga kwenye unga.

Ndambiri, mwalimu wa kwaya, alichoka na ugomvi wa mume na mke. Akaurekodi wimbo kwa simu, akawatumia waimbaji wote. "Kila mtu ajisikilize mwenyewe," alisema. "Tutaongea baadaye."

Kivuti aliusikiliza wimbo nyumbani kwenye simu yake, akaona ni kelele za nzi ndani ya kopo. "Hii simu haiwezi kutuamua," alisema. "Nitatafuta hedifoni za maana, zenye besi ya kushiba na sauti zote zikiwa sawa. Hapo ndipo tutajua nani anachelewa."

Beth aliweka sufuria chini. "Tutaenda pamoja, Baba Runji. Ukisikiliza na iwe ni mimi, nitatoka kwaya kabla ya Nkubu. Ikiwa si mimi, wewe utatoka."

"Sawa," Kivuti alisema, tena haraka, kama mtu asiye na wasiwasi wowote.

Dukani Embu mjini waliwakuta wateja wachache wakibishana kuhusu chaja. Mwenye duka alikuwa msichana aitwaye Wambura, hedifoni zake mwenyewe zikining'inia shingoni. Alimsikiliza Kivuti kwa adabu, kisha akashusha kutoka rafuni hedifoni kubwa nyeusi, akaziunganisha na simu ya Kivuti, penye ule wimbo wa kwaya.

"Mzee, hizi zina besi mpaka tumboni."

Kivuti alizivaa. Ngoma ikapiga, na chini ya ngoma ikaja sauti yake mwenyewe, pana, nzito, ikimtetemesha taya. Alifumba macho. Hakuwahi kujisikia hivyo maishani. Kwa kitambo kidogo alisahau ugomvi, akasahau kwamba Beth amesimama kando yake amekunja mikono.

Kisha akafumbua macho. "Kayamba liko wapi?"

Wimbo ule ulianza kwa kayamba. Lilitangulia ngoma, na soprano walilifuata kuingia ubeti wa pili. Kila mtu Kanja alilijua.

"Hizo zinafunika sauti nyembamba kidogo," Wambura alisema. "Jaribu hizi. Besi yake si kubwa sana, lakini imesawazishwa."

Akajaribu. Kweli, ngoma ilitulia, tenori wakatenganishwa vizuri na besi. Alto wakawa kama watu wanaoimba nyuma ya ukuta. Kayamba halikuwepo. Soprano wakaja wamefifia, wamechelewa, kama alivyosema siku zote.

"Hizi ni bandia!" alisema, na wale wa chaja wakageuka. Hakujua kama amepaza sauti. "Unaniuzia bandia kwa sababu nimetoka ushago?"

"Mzee, si bandia. Ni mpya kabisa."

Beth alimvua zile hedifoni, akajivisha. Alisikiliza akiangalia sakafu. Kivuti alimwona akitikisa kichwa kidogo kidogo, akifuata kitu fulani, mapema mno, kabla ya wakati ngoma ilipopaswa kuanza.

"Kayamba liko," Beth alisema.

"Sasa unamtetea huyu?"

"Liko, Baba Runji. Liko wazi kabisa."

Wambura alivua hedifoni za shingoni mwake, zile anazozitumia kila siku, akampa. Kivuti alizivaa. Ngoma. Tenori. Besi wenzake. Yeye mwenyewe. Juu yao, pale ambapo kayamba lingekuwa, palikuwa kimya kama ghala tupu. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho alipolisikia kanisani. Aliikumbuka mikono ikilitikisa. Sauti yake hakuikumbuka.

Wambura alikuwa anamtazama kwa namna nyingine sasa. "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Niko na kinu cha posho."

Msichana alichukua simu, akafungua mahali pa kurekebisha sauti, akashusha besi mpaka chini na kupandisha zile nyembamba mpaka mwisho. "Niambie ukisikia kitu."

Kivuti hakutaka tena kusikiliza. Alitamani arudi Kanja na ugomvi wake ukiwa vilevile. Lakini Beth alikuwa anamkazia macho, naye akasimama pale kama anayengoja kudungwa sindano.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha, kwa mbali sana, kama mtu anayepepeta mahindi kwenye ungo ng'ambo ya bonde, kayamba likaja. Likatembea. Ngoma ikalifuata, sasa nyembamba, haina uzito. Ukafika ubeti wa pili, na soprano wakaingia, Beth mbele yao, kila neno likiwa na mwanzo wake na mwisho wake. Waliingia pale pale. Hawakuchelewa hata kidogo.

"Rudisha," alimwambia Wambura.

Wakaingia pale pale tena.

Alivua hedifoni. Hakuna mwingine aliyejua kilichopita masikioni mwake. Angeweza kusema lolote, na jambo hilo alilifikiria, akiwa bado amezishika.

"Hujachelewa," alisema.

"Sema tena."

"Hujachelewa. Ni mimi sisikii."

Alilisema kwa sauti ambayo duka zima lilisikia, na aibu ikamshika mpaka nyuma ya shingo. Beth alimsogelea. Kivuti alidhani atamshika mkono. Badala yake alisema, "Miaka miwili umeniita mtu wa kunong'ona," akatoka nje kumngojea.

Kivuti alizinunua zile hedifoni zilizosawazishwa.

Baadaye daktari wa masikio alimketisha katika kichumba kilichofungwa, akampa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Alibonyeza kwa milio mizito, kisha kukawa kimya, akakaa akingoja afunguliwe mlango. Ndipo akaona kupitia kioo kwamba mkono wa daktari bado unaendelea kupiga milio. Aliambiwa kelele za kinu ndizo zilizomfanya hivyo. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Tangu siku hiyo hakuwasha mashine bila kuziba masikio, na waliokuja kusaga walizoea kumwonyesha kwa mkono.

Kwenye mazoezi yaliyofuata alisimama akawaeleza wote. Ndambiri alimsihi abaki, kwamba besi bila yeye ni nusu. Kivuti akamtazama mke wake.

"Tulikubaliana," Beth alisema. "Utatoka. Ukitaka kurudi, urudi baada ya Nkubu."

Kwa hiyo tamasha la Nkubu Kivuti alilikalia kwenye benchi, katikati ya wageni, mikono magotini. Kanja waliimba wa nne. Alimtazama Beth mdomoni tangu mwanzo hadi mwisho, na maneno ambayo sikio halikuyapata, jicho liliyapata.

Walipomaliza, Beth alimtafuta kwenye umati, akasimama mbele yake kabisa, uso kwa uso, jasho likimtiririka.

"Umeonaje?"

Kivuti alifikiri. "Besi ilikuwa nyepesi," alisema.

Beth alicheka mpaka akamshika bega asije akaanguka, na safari hii Kivuti alikisikia kicheko chote, kwa sababu kilitoka chini, kifuani.