Kivulini mwa Mabehewa ya Shaba

Mwaka 1993, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa Likasi, kusini mwa Zaire, Osée Tshimanga alikimbilia stesheni na mkewe Bibiane na binti yao Mimi. Alikuwa ameyeyusha shaba kiwandani tangu ujana wake, na hiyo Kasai aliyoambiwa arudi hakuwa ameiona hata siku moja. Treni ya kuwachukua haikuwa imefika, na vijana wenye mapanga walikuwa wakirandaranda.

Osée akaketisha familia yake ubavuni mwa mabehewa ya shaba. Shaba ile ilingojewa na wanunuzi wa ng'ambo, kwa hiyo wanajeshi waliilinda kutwa, na wale vijana hawakuthubutu kusogea.

"Baba Mimi, hawa basoda banachunga mukuba," Bibiane alinong'ona, akiwaonyesha wanajeshi kisha shaba kwa kidole. "Habatuchunge shiye."

"Najua, mama. Lakini tukikaa karibu na mukuba, banatuchunga bila kujua."

Alasiri kichwa cha garimoshi kikaja, kikaunganishwa na mabehewa. Wanajeshi wakaanza kupanda. Osée akamshika mmoja wao mkono.

"Chef, na shiye?"

Mwanajeshi akacheka. "Mukuba iko na mwenyewe kule Bulaya. Weye, papa, mwenyewe yako iko wapi?"

Shaba ikaondoka. Behewa la mwisho lilipopita, jua likawapiga usoni, na upande wa pili wa reli wakawaona vijana wale wamesimama, wakiwatazama. Osée akamkumbatia Mimi. Alitaka kusali, lakini kijana wa kwanza alikwisha kuvuka reli.