Mipira ya Sufu Kwenye Mashine ya Dobi

Mtaani walimwita Mama Punguza, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kabla hata ya salamu akifika kwenye meza ya muuzaji. Jina hakulichukia. Alisema kitu cha bure hakikataliwi.

Biashara yake ilianzia jikoni. Alinunua masweta ya mitumba ya sufu, yale yaliyotoboka ambayo hata muuzaji mwenyewe anayaonea haya, akayafumua na kuzungusha uzi mpaka ukawa mpira wa kujaza kiganja. Mipira aliitumbukiza kwenye soksi ndefu ya nailoni na kufunga kati ya mmoja na mwenzake kwa uzi wa pamba, maana ukifunga kwa sufu fundo nalo litagandamana na hutalifungua tena. Kisha maji ya moto, sabuni na kipigo. Sufu ikipata joto na msukosuko, nyuzi zake hung'ang'aniana kama ndugu kwenye urithi, na mpira hutoka mgumu, hauna mwanzo wala mwisho. Utie kwenye mashine ya kukaushia nguo pamoja na mataulo: utaruka humo ndani na kuyatenganisha, hewa moto itapita, nguo zitakauka upesi.

Hayo alimweleza dobi wa barabara kubwa, akarudi kumweleza tena na tena, mpaka dobi akachoka kumkatalia. Dobi huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Madobi wenzake wote mjini walimtazama yeye kwanza kabla ya kununua chochote. Akikubali wamekubali, akikataa hakuna haja ya kupoteza soli za viatu. Na alikuwa na kidonda chake. Uzi wa shali ya mteja uliwahi kupenya ukingoni mwa pipa la mashine, ukajisokota kwenye ekseli inayolizungusha, na mashine ikafa siku ya kazi nyingi.

"Nakupa mzunguko mmoja," alimwambia. "Mashine yangu ikisimama kwa ajili yako, mama, usipite hata mbele ya mlango huu."

Siku ya jaribio alikwenda na wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa akizungusha uzi tangu kaka aachishwe kazi. Dobi akapakia mataulo ya nyumba ya wageni iliyokuwa ikiyasubiri, akaitupia mipira ndani, akafunga mlango wa kioo na kubonyeza. Mashine ikaanza kuguna. Pu, pu, pu, mipira ikagonga.

Mama Punguza alikuwa anapiga hesabu ya mashine zilizobaki alipogundua kwamba wifi amenyamaza. Wifi ambaye hata msibani huombwa apunguze sauti. Alikuwa amekikodolea macho kile kioo, vidole vyake vikisokota pindo la kanga.

Akamuuliza ana nini. Wifi akasema hana kitu. Akamuuliza tena, safari hii bila kumtazama, kwa sauti ile anayomtolea muuzaji aliyempunja kwenye mizani.

"Lile sweta la kijivu," wifi akanong'ona.

Mama Punguza alilikumbuka vizuri. Lilikuwa sufu kweli. Alichoma uzi wake kwa kiberiti ukanuka nywele, akafurahi. Lakini kumbe ni ile sufu inayotiwa dawa kiwandani ili isirudi na kuwa ndogo ikifuliwa. Ya namna hiyo haigandamani hata uichemshe mpaka sufuria itoboke. Mpira wa kwanza ulitoka majini kama ulivyoingia, uzi mtupu, na yeye akaamuru uzi ule usiguswe tena.

"Sufu nzuri ilikuwa inaisha," wifi akaendelea. "Nikauweka ule wa kijivu ndani, juu nikafunika na sufu nzuri. Ndani nani ataona? Na wewe wifi, kila siku unasema hakuna kitu cha kutupa."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alimuuliza ni mipira ipi. Wifi akatikisa kichwa: ikishapigwa, yote inafanana.

Pu, pu, pu. Dobi alikuwa hatua chache tu kutoka kwao, akikunja shuka, jicho moja kwenye kazi na jingine kwenye mashine. Mama Punguza akasimama wima, uso umetulia kama wa mnunuzi asiyetaka kuonyesha amependa. Ganda la nje lilikuwa gumu. Huenda likastahimili mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja ndio uliokuwa ukitakiwa. Wapeane mikono, arudi nyumbani atengeneze mingine, abadilishe kimyakimya. Nani angejua? Lakini joto lilikuwa likipanda humo ndani, ganda likizidi kukaza huku moyo wa mpira haukazi, na kitu kigumu chenye tumbo laini hupasuka. Kikipasuka, uzi hauombi ruhusa.

Alisubiri. Alijiambia ni dakika chache tu.

Kisha katikati ya zile pu akasikia pwa, laini, kama kofi la mtu aliyechoka.

"Zima, bosi," alisema.

Dobi akageuka. Mataulo yalikuwa bado mabichi, na mwenye nyumba ya wageni hakuwa mtu wa kungoja.

"Zima kwanza, kisha unitukane."

Akazima. Mama Punguza akaingiza mkono kwenye joto lile, akatoa mipira mmoja mmoja na kuidondosha sakafuni. Mizuri iligonga saruji na kuruka. Mibaya ilianguka na kukaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Mmoja ulikuwa umeanza kuchanika, na uzi wa kijivu wa urefu wa kidole ulikuwa umechungulia nje.

Dobi aliutazama ule uzi. Kisha akautazama ukingo wa pipa. Akasema ameletewa nyoka ndani ya mkoba, na akataka kujua ni nani aliyeufunga mpira ule. Wifi akainua mkono kama mtoto darasani.

"Basi huyu asiguse tena," dobi akasema. "Pengine hapo tutaongea."

"Huyu simwachi," Mama Punguza akajibu. "Angekaa kimya, saa hizi ungekuwa chini ya mashine na bisibisi. Nimtoe anayesema, nilete anayejua kuficha?"

Wifi alianza kulia. Akaambiwa alie baadaye, hapa watu wanauza.

Mama Punguza akaomba mkasi. Akaukata mpira mbovu katikati, juu ya meza ya dobi, matumbo ya kijivu yakamwagika. Akachukua mzuri akaukata nao, na safari hii mkasi ukauma kwa shida. Ndani ulikuwa kitu kimoja tu, kama kipande cha mkate mkavu. Akavisukuma vipande vyote mbele ya dobi, akanyamaza. Alijua mnunuzi akishaanza kushikashika mali, muuzaji hafungui kinywa.

Dobi akabonyeza kipande kizuri kwa kidole gumba. Akakipindua. Kisha akairudisha ile mipira iliyoruka ndani ya pipa, akawasha mashine, akasimama hapo mpaka mataulo yalipotoka. Akalipeleka moja shavuni.

"Kila mzigo utakaoleta," alisema, "nitachagua mpira mmoja nitakaoutaka mimi, niukate mbele yako. Nikikuta kijivu, unaondoka na mzigo wote."

"Kata," Mama Punguza akasema. "Lakini ukiukata na ukawa mzima, umeununua."

Dobi akakuna kidevu.

"Mipira ya mashine mbili kwanza," akasema.

"Tatu," Mama Punguza akajibu, akianza kuokota nyuzi mezani.