Sarafu ya Uhuru kwa Sonara

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa sonara pale Kibiti, nikisubiri mkufu wa mke wangu uungwe, wakaingia mtu na dada yake kutoka Mbwera. Yule kaka akaweka mezani sarafu nene ya fedha, ya kuadhimisha miaka ishirini ya Uhuru. Marehemu mama yao alizawadiwa sarafu hiyo kwa kufundisha watu wazima kusoma.

"Iyeyushe, tugawane," kaka akamwambia sonara.

Dada akaifunika kwa kiganja. "Haiyeyushwi! Mama alivuka mito kwa mtumbwi, na mimba yako tumboni, akawafundishe wenzake kuandika majina yao. Wewe unaona fedha tu?"

"Dada, na mimi nina haki yangu."

"Unayo." Akavua bangili zake mbili za fedha kwa shida, mpaka mkono ukachubuka, akamsukumia sonara. "Mpimie hizi, ndiyo haki yake. Sarafu naondoka nayo."

Sonara akazipima bangili, akahesabu bei yake; kaka alipokea pesa, macho chini.

Wengi wetu Siku ya Uhuru tunalala mpaka saa nne. Yule dada aliutetea Uhuru Jumatatu ya kawaida, tena bila kupigiwa gwaride.