Kitambaa Cheupe cha Mama

Siku ya kipaimara changu, mpiga picha wa kanisani kwetu Tukuyu alimpiga mama picha. Mama alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani, na ukungu umetanda nyuma yake. Picha ikatoka kitambaa na meno tu. Nilipolalamika, mpiga picha alicheka mbele za watu: "Mama yako ni mweusi mno, dada. Kamera haina kosa." Watu wakacheka, mama naye akacheka kwa aibu, na hakukubali tena kupigwa picha. Alipofariki, hiyo ndiyo tuliyoiweka juu ya jeneza. Watu walipita wakiaga kitambaa.

Nikasema moyoni: wewe, utanikoma.

Nilinunua kamera ya aina ile ile aliyokuwa nayo mpiga picha yule, makusudi kabisa. Uani nikatundika shuka jeupe mgombani, mbele yake nikaweka sufuria yenye masizi, nikapiga kila asubuhi ya ukungu, na kwetu ukungu hauombwi. Tundu la lenzi nikalipanua, nikalibana. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, nikaipandisha mpaka picha ikajaa chenga. Sufuria ikabaki shimo jeusi. Nililia kwa hasira. Kumbe kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza yenyewe! Siku niliyopima mwanga kwenye sufuria, nikaacha shata ikae wazi muda mrefu zaidi, pichani shuka liliunguzwa na mwanga likawa jeupe pee, lakini kwenye masizi niliona kila mkwaruzo.

Kwa hiyo kosa lilikuwa la mpiga picha. Nilimchukia upya.

Sikukuu ya mavuno, mama yake mzazi alikuja kutoka Masoko, kikongwe mweusi kumzidi mama yangu, kavaa nyeupe tupu, ukungu ule ule. Nikaomba nimpige picha. Kidole kiliniwasha, nimzime yule bibi awe meno tu! Lakini ningemtia giza, ningekuwa nimekubali maneno ya mwanawe. Nikapima mwanga usoni pake.

Jumapili iliyofuata nilimkabidhi picha mbele ya watu wale wale waliocheka. Makunyanzi yote yalikuwepo, na ngozi inang'aa. Bibi aliipapasa. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru, machozi yakimlenga.

Mwanawe akaichukua, akaitazama weee, asiinue macho.

"Umetumia kamera gani, dada?"

"Kama hiyo hiyo iliyoko shingoni mwako, kaka."