Tulimdanganya injinia kina cha mto

Mugonile, wapendwa. Hamjambo na familia? Mimi mzima kwa neema ya Mungu, ila leo nimechoka na sisi watu wa Ikolo.

Injinia kaleta mkutanoni mchoro wa daraja letu. Kompyuta yake imepiga hesabu za mafuriko, daraja likatoka chini kama benchi.

Nikamwambia, "Mwanangu, masika maji yananifika kifuani."

"Mama, mlisema magotini. Kompyuta inahesabu kile nilichoipa."

Kweli tulisema hivyo. Tuliogopa akijua ukweli ataona gharama ni kubwa, atalipeleka daraja kijiji kingine.

Nikaungama mbele ya wote kwamba tulimdanganya.

Akafunga kompyuta. "Basi naanza upya. Mwaka huu sahauni."

Jirani yangu Mama Tusajigwe akasema, "Haya, watoto wetu waendelee kuogelea kwenda shule. Asante, mlokole."

Jamani, ningenyamaza? Nijibuni leo, tafadhali.