Maombi ya Kumsindikiza Khasandi

Enzi zetu... najua mtanicheka, kwa sababu bado niko chuoni na sketi yangu ya sekondari bado inanitosha. Lakini enzi zetu zilikuwepo jamani. Mwulizeni yeyote aliyekulia kwetu Kabras kabla simu za kupapasa hazijaingia kila jikoni. Mdogo wangu siku hizi anashinda kwenye kochi shingo imepinda, anachekea kidole gumba chake. Ukimwambia atoke nje akacheze anakuuliza, "Nje kuna nini?" Nje! Nje ndiko tulikolelewa, mimi na Khasandi.

Khasandi ni binti wa mama mdogo. Tulilelewa pamoja kwa nyanya yetu, Kukhu kama tunavyowaita nyanya kwetu, kwenye boma lililozungukwa na miwa. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa karatasi za nailoni hadi magoti yakawa na rangi ya udongo. Trekta za miwa zilipopanda kile kilima karibu na kanisa zilipunguza mwendo, nasi tukakimbia nyuma yake na kuchomoa miwa. Khasandi alimenya muwa kwa meno, fundo na yote, huku mimi nikilia nitafutiwe kisu.

Wakati wa kumbikumbi ulipofika tulikaa kwenye kichuguu kutwa nzima tukipiga vijiti juu ya ubao, ili wale wadudu wadhani mvua imekuja watoke. Khasandi alikuwa na mkono mwepesi. Mimi nikishika vijiti hatoki hata mmoja. "Wewe unapiganga kama askari," aliniambia. "Mvua haiji na hasira!" Tuliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, tukala na obusuma, ugali wetu, wa moto, na vidole vikanukia mpaka darasani kesho yake.

Kuna kitu sikukiona wakati ule. Tuliamka na harufu ya miwa, tukalala na harufu ya miwa, na siku nyingi chai yetu ilikuwa turungi, isiyo na maziwa wala sukari. Kukhu alisema, "Kunyweni. Utamu si mmeshautafuna huko nje?" Nasi tukacheka, tukanywa. Leo nikiwa kwenye chumba changu cha kupanga huku Amalemba, mtaa wa karibu na chuo, nikikumbuka kile kikombe, sicheki. Nakasirika, tena sana, na sijui nimkasirikie nani.

Chuoni, kila Jumatano, umoja wetu wa wanafunzi Wakristo hufanya maombi ya mataifa. Mmoja anapewa Sudan, mwingine Kongo na watoto wake wa machimboni, mwingine anapewa njaa popote ilipo. Tunalia kwelikweli. Kisha tunafuta macho na kutoka kwenda kutafuta chapati. Mimi chapati haishuki. Nauliza: hizi simu tunazosomea Biblia, si zina madini yale yale tunayoyalilia? Mwenyekiti wetu ananiambia, "Dada Nekesa, wewe unafikirianga sana. Mwachie Bwana." Namwachia usiku, asubuhi nakuta nimeyachukua tena.

Basi mwezi uliopita mambo ya Jumatano yalikuja hadi nyumbani. Khasandi alipata kazi ya ndani Uarabuni. Ajenti alipiga simu Ijumaa kwamba tiketi imetoka, na Jumapili baada ya ibada tukakusanyika kwa Kukhu kumsindikiza. Kwetu mtu haendi mbali hivihivi. Kuku huchinjwa, watu hula, na mmoja huomba.

Hamjaona furaha iliyokaza meno kama ya siku ile. Kila aliyeingia alisema, "Mungu amefungua mlango!" Khasandi alijibu "Amina" huku akivuta kamba ya begi lake. Mimi nilijua habari za wale wasichana waliotangulia huko, na hapo hapakuwa na asiyezijua. Pasipoti inashikwa na mwenye nyumba. Wengine hurudi kwenye sanduku. Lakini hayo hayakutajwa, maana kutaja ni kumtilia mtoto mkosi.

Chakula kilipoletwa, firigisi iliwekwa kwenye sahani ya mjomba, kaka wa mama zetu, kwa kuwa firigisi kwetu ni ya mwenye boma. Mwanamke hagusi. Mjomba aliitazama, akaichukua kwa vidole, akaiweka juu ya ugali wa Khasandi.

"Hee!" Kukhu akashtuka.

"Mniache," mjomba akasema. "Huko atakulia jikoni kwa watu, akiwa amesimama. Leo akule kama mwenye boma."

Khasandi akaigeuza ile firigisi huku na huku. "Mjomba, nikikula hii si nitaota ndevu?"

Tulicheka mpaka Kukhu akatoa leso kujifuta macho, na kicheko kilipoisha yeye aliendelea kujifuta.

Ndipo mjomba akanigeukia. "Nekesa, wewe ndio umesomea mambo ya Mungu. Ombea dada yako. Useme asante kwa huu mlango."

Nikasimama. Maneno ninayo, huwa nayatoa kila Jumatano: mtangulie, mfunike, mpe kibali. Siku hiyo niliyaacha. Niliona nikisema asante nitakuwa nimetia sahihi kwa niaba ya Mungu, na yeye sijamuuliza. Khasandi alikuwa ameinamisha kichwa, ananisubiri.

"Mungu," nikaanza, "usikubali tukusingizie. Hukumwita wewe. Khasandi alipita mtihani akakosa karo, akapalilia miwa ya watu mpaka mgongo ukamuuma, akakosa hata sabuni. Anaenda kwa sababu hapa amekosa. Huko wasipojua jina lake, wewe ulijue. Atakayemnyima chakula au kumfungia mlango, umuulize. Na sisi tunaomwachilia aende, utuulize pia. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Nilisikia shangazi mmoja akinong'ona, "Hayo sasa ni maombi gani?" Nikatamani kutoka mbio. Kisha Khasandi, peke yake, akasema kwa sauti, "Amina." Alipokuja kunikumbatia aliniambia sikioni, "Wote wameombea safari. Wewe umeniombea mimi." Asubuhi akaondoka.

Enzi zetu mmoja asipoonekana wakati wa kula, Kukhu alitoka nyuma ya jiko, akaita jina mara moja, na kutoka ndani ya miwa ukasikia, "Nakuja!" Chakula hakikupakuliwa mpaka aliyeitwa aingie. Siku hizi tunajisifu kwamba dunia imekuwa kijiji. Wiki ya kwanza Khasandi alinijibu: amefika, nyumba ni kubwa, tutaongea baadaye. Tangu hapo napiga, inalia, inalia, haishikwi. Simu yangu inanionyesha saa za mji ule na ukali wa jua lake. Haiwezi kuniambia kama dada yangu amekula.